Robert Smalls: Kutoka Utumwani Mpaka Bungeni

Leo nataka nikueleze habari za Robert Smalls, mtu wa Marekani aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Huenda umeshasikia kisa chake cha meli, maana ni kisa cha ajabu na hapa pia utakisoma. Lakini mimi naona sehemu kubwa ya maisha yake ilikuja baada ya meli, alipoingia bungeni. Hapo utaona jinsi kura na elimu zinavyoshikana, na mtu akiikosa moja basi ya pili huporwa kwa urahisi.

Mtoto aliyekuwa mali ya mtu

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 mjini Beaufort, katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumbani kwa familia ya McKee. Sheria ya huko ilisema mtoto wa mtumwa naye ni mtumwa. Kwa hivyo Robert alizaliwa akihesabiwa pamoja na ng'ombe na viti vya nyumba ile.

Alipofika miaka 12 bwana wake alimpeleka Charleston, mji wa bandari, akafanye vibarua. Alifanya kazi hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akaingia bandarini. Mshahara ulikuwa wa bwana, yeye akiachiwa dola moja kwa wiki. Shule je? Hakuna. Katika South Carolina kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la kushtakiwa. Lakini bahari aliisoma. Alijua mikondo, mafungu ya mchanga na kila njia ya kuingilia na kutokea Charleston.

Mwaka 1856 alimuoa Hannah, naye pia mtumwa. Walipopata mtoto wa kike, Smalls alitaka kuwanunua mke na mtoto wasije wakauzwa mbali. Bei aliyotajiwa ilikuwa dola 800. Yeye alikuwa na dola 100 tu. Hebu fikiria, ndugu yangu, mtu kuambiwa bei ya mtoto wake mwenyewe.

Kisa cha meli

Majimbo ya kusini yalijitenga ili yabaki na utumwa wao, na mwaka 1861 vita vikaanza. Smalls alikuwa akishika usukani wa Planter, meli ya mvuke iliyobeba silaha za watu wa kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa watatu wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na mabaharia wenzake watumwa wakang'oa nanga. Wakapita gatini kuwachukua wake na watoto, kisha wakaelekea nje. Smalls alivaa kofia ya nahodha, na kila walipopita ngome alipiga honi ile ile iliyotakiwa. Hata ngome kubwa ya Sumter waliipita, walinzi wakidhani ni nahodha wao. Walipotoka nje ya mizinga walishusha bendera ya kusini wakapandisha shuka jeupe. Meli za kaskazini zilikuwa karibu kuwapiga kabla ya kuliona lile shuka. Watu 16 wakawa huru asubuhi ile.

Serikali ilimpa Smalls zawadi ya dola 1,500. Mwaka ule ule alikuwa mmoja wa waliokwenda Washington kuomba weusi waruhusiwe kuwa askari. Baadaye ile nyumba ya McKee ilipigwa mnada kwa sababu ya kodi, na aliyeinunua ni nani? Ni Robert Smalls.

Bado kusoma hakujui. Mwaka 1864 meli ilipopelekwa Philadelphia kutengenezwa, alitumia nafasi hiyo kutafuta walimu na kujifunza herufi. Alikuwa na miaka 25. Hakuona haya kuanza alifu akiwa baba wa watoto.

Mbunge wa jimbo

Vita viliisha 1865, utumwa ukafutwa. Mwaka 1868 South Carolina ilifanya mkutano wa kutunga katiba mpya ya jimbo, na Smalls alikuwa mjumbe. Jambo alilolipigania hapo lilikuwa shule za umma za bure kwa watoto wote, weusi kwa weupe. Kabla ya hapo jimbo halikuwa na mpango kama huo. Likaandikwa katika katiba.

Hapa nikueleze kidogo. Marekani kila jimbo lina bunge lake, mbali na bunge la taifa lililoko Washington. Ni kama vile sisi tuna bunge la kaunti na bunge la Nairobi, ila bunge la jimbo kule lina nguvu zaidi. Mwaka ule ule wa 1868 watu wa Beaufort walimchagua Smalls kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Mwaka 1870 kiti cha Seneti ya jimbo kikawa wazi, akagombea akashinda, na akakaa huko mpaka 1874. Weusi walikuwa wengi kuliko weupe katika South Carolina, na kura zao zilipohesabiwa kwa haki matokeo yalionekana.

Mwaka 1874 aligombea bunge la taifa, akapata karibu asilimia 80 ya kura. Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka. Makundi ya wazungu wenye silaha na mashati mekundu yalizunguka jimboni kuwatisha wapiga kura weusi. Mpinzani wake alikuwa George Tillman. Smalls alishinda kwa asilimia 52, lakini serikali ya jimbo iliangukia mikononi mwa wapinzani wake.

Mwaka 1877 alishtakiwa kwamba alipokuwa seneta alipokea hongo ya dola 5,000 katika zabuni ya uchapishaji. Akahukumiwa miaka mitatu jela na kazi ngumu. Alikata rufaa akaachiliwa kwa muda. Mwaka 1879 gavana alimsamehe, katika mapatano ambayo serikali kuu nayo ilifuta mashtaka ya wizi wa kura dhidi ya watu wa upande wa pili. Yeye mpaka mwisho alisema hakuchukua kitu. Serikali ya wakati ule ilikuwa na wala rushwa kweli, hilo tusilifiche, lakini namna kesi ile ilivyomalizwa inaonyesha siasa ilikuwa ndani yake.

Kura zilivyoporwa

Mwaka 1878 alishindwa na Tillman. 1880 ilitangazwa ameshindwa tena, lakini alipeleka malalamiko kwamba watu wake walitishwa wasipige kura, na Julai 1882 bunge la Washington likamrudishia kiti.

Sasa soma hapa kwa makini. Mwaka 1882 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya masanduku manane. Kila cheo kiliwekewa sanduku lake. Karatasi ikitumbukizwa katika sanduku lisilo lake, imeharibika, haihesabiwi. Asiyejua kusoma atajuaje lipi ni la gavana na lipi ni la mbunge? Watu waliokatazwa kusoma kwa sheria, sasa walikataliwa kura zao kwa sababu hawajui kusoma. Umeona ujanja huo? Hakuna bunduki, hakuna mjeledi, na kura zimepotea. Ndipo utakapofahamu kwa nini Smalls alizililia zile shule mwaka 1868.

Mwaka 1882 chama chake kilimteua Edmund Mackey badala yake. Mackey alifariki Januari 1884, Smalls akachaguliwa kumalizia muda wake, na mwishoni mwa mwaka huo akashinda tena. Mwaka 1886 ilitangazwa ameshindwa na William Elliott. Alilalamika kama mwanzo, safari hii hakusikilizwa. Huo ndio ukawa mwisho wake katika bunge la taifa.

Mara ya mwisho

Mwaka 1895 South Carolina iliitisha mkutano mwingine wa katiba. Aliyeuongoza mpango huo alikuwa Benjamin Tillman, ndugu yake George. Lengo lilikuwa kuwaondoa weusi katika kura, na hawakulificha. Kati ya wajumbe 160 weusi walikuwa sita tu, mmoja wao Smalls, sasa mzee wa miaka 56. Katiba mpya ilitaka mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa miezi sita kabla, tena aweze kusoma kifungu cha katiba mbele ya karani au awe na mali ya dola 300. Na karani ndiye aliyekuwa akiamua nani amesoma vizuri. Smalls alisimama akapinga, akawakumbusha weusi waliouliwa tangu vita kuisha. Alijua hesabu ya kura ndani ya ukumbi ule. Hata hivyo alisema yaliyo haki, na katiba ilipopita alikataa kuitia sahihi.

Baada ya George Murray kuondoka mwaka 1897, jimbo lile halikupeleka mtu mweusi hata mmoja katika bunge la Washington mpaka James Clyburn alipoapishwa mwaka 1993. Hesabu mwenyewe, ni miaka 96.

Smalls aliendelea kuishi Beaufort, akawa mkuu wa forodha kwa miaka mingi mpaka 1913. Alifariki Februari 1915, katika nyumba ile ile ambayo mama yake aliitumikia. Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani lilimpa heshima kwa kuiita meli moja ya kivita jina lake. Kabla ya hapo meli hiyo ilikuwa na jina la vita ambavyo watu wa kusini, wale waliokuwa mabwana wake, walishinda.

Ndugu yangu, tuchukue nini? Dhalimu hakuiogopa kura tu, aliogopa pia mtu anayesoma kabla ya kuipiga. Basi kijana uliyetimiza miaka 18, fuatilia kitambulisho chako, jiandikishe, na usiuze. Na wewe mzazi, mtoto wa kike na wa kiume wote wasome, madrasa na skuli. Kama kuna mtu mzima nyumbani hajui kusoma, kaa naye hata nusu saa baada ya Asr. Smalls alianza na miaka 25, na miaka minne baadaye alikuwa akitunga katiba.

Wabillahi tawfiq.