ALAN VILLIERS: MGENI ALIYELALA KWENYE TEZI

Msomaji mpendwa, sisi wa Nakuru tumezoea ziwa. Ukipanda Menengai siku isiyo na ukungu unaziona ng'ambo zote mbili. Bahari siyo hivyo! Ndiyo maana nimechagua kuwasimulia maisha ya Alan Villiers, baharia na mwandishi aliyeishi miezi kadhaa ndani ya jahazi.

Villiers alizaliwa mwaka wa 1903 huko Melbourne, Australia. Alipokuwa na miaka 15, yaani mdogo wangu kwa mwaka mmoja, alianza ubaharia kwenye merikebu ya matanga. Baadaye aliandikia magazeti, lakini bahari haikumtoka moyoni. Kati ya 1934 na 1936 aliizunguka dunia kwa merikebu yake, Joseph Conrad.

Siku hizo meli za injini zilikuwa zimeyashinda matanga karibu kila mahali. Villiers alitaka kuwaona watu ambao bado walitegemea upepo. Basi Desemba 1938, huko Aden, akapanda jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Kaskazi ilikuwa ikivuma, nayo ndiyo iliyoleta majahazi pwani yetu.

Hebu fikiria maisha yale. Hakuna injini, hakuna stima. Mabaharia hawakufika thelathini, lakini abiria waliopandia pwani ya Hadhramaut walipita mia moja. Jamani, afadhali matatu ya Molo! Kila mtu alilala alipopata nafasi. Villiers alipewa kipande cha benchi kwenye tezi, karibu na nahodha. Hapo ndipo alipolala na kuandika. Jiko lilikuwa sanduku lenye mchanga, na kuni ziliwashwa juu yake. Wali na samaki viliwekwa kwenye sinia, watu wakala pamoja kwa mkono. Na choo je? Kisanduku kilichoning'inia nje ya jahazi, juu ya mawimbi. Usicheke, msomaji!

Sala tano ndizo zilizokuwa saa yao. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ilikuwa nzito mno, kwa hiyo walivuta kamba wote huku wakiimba. Walipita Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, kisha wakaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, maana Kuwait haikuwa na miti ya kujengea. Kusi ilipoanza wakageuza omo kaskazini, na mwaka wa 1939 wakafika kwao.

Lakini nyimbo zisitudanganye. Mabaharia hawakuwa na mshahara. Waligawana faida mwisho wa safari, na wengi walikuwa wameshakopa kabla ya kung'oa nanga. Walisafiri ili walipe, wakirudi wanakopa tena. Hata kwetu, mkulima anayekopa mbolea kila msimu anaijua hali hiyo.

Jambo moja linanisumbua. Wanawake waliosafiri walifungiwa chumba cha chini, chini ya tezi ile ile. Villiers, mwanamume na mgeni, hakuweza kukaa nao akazungumza. Kwa hiyo habari za mabaharia tunazo tele, lakini za akina mama ni haba. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kumbe hata aliyekuwapo lake laweza kukosekana!

Kitabu chake cha safari hiyo, Sons of Sinbad, kilitoka 1940. Mwaka wa 1957 aliongoza Mayflower II kutoka Uingereza hadi Marekani, na 1982 akafariki. Huko Kuwait mafuta yaligunduliwa mwaka ule ule wa 1938. Yalipoanza kuuzwa nje mwaka wa 1946, vijana wakapata kazi nyingine na matanga yakapungua. Nahodha al-Nejdi mwenyewe alifia baharini mwaka wa 1979.

Wanachama wenzangu, Villiers aliwahi kidogo tu kabla maisha yale hayajatoweka. Nakuru nayo ina wazee wa reli na akina mama waliochuma pareto. Tuchukue kalamu tukakae nao. Na tukifika, tusikae kwenye tezi tu. Tubishe hodi hata kule chini.