Lotte Specht, Binti wa Mwenye Bucha

Kila mwaka katika kurasa hizi huwa tunasoma maisha ya watu mashuhuri: wapigania uhuru, waandishi, wanariadha. Mwaka huu nami nimeona nisiachwe nyuma. Ninayemleta mbele yenu ni mwanamke wa Kijerumani aliyeitwa Lotte Specht. Kwao anakumbukwa kwa kuanzisha klabu ya kwanza ya kandanda ya wanawake. Alifariki zamani, mwaka 2002, lakini maisha yake yamenigusa kana kwamba alikuwa dada yangu wa hapa Kitale. Sababu nitawaeleza.

Kwetu ni Bungoma. Kila muhula ukifunguliwa napanda matatu ya kuja shuleni, tunapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini hadi tunafika Kitale. Muhula uliopita, ndani ya begi, chini kabisa ya sare, nilikuwa nimeficha njumu za mitumba nilizonunua kwa pesa za kuuza mayai. Nilizificha kwa sababu kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa amekwisha kusema kwamba msichana wa kukimbizana na boli hapati mume. Kaka zangu nao walicheka mpaka wakashika mbavu. Basi siku moja mwalimu wetu wa Historia alikuwa akitufundisha habari za Ujerumani baina ya vita vikuu viwili, akamtaja Lotte. Mimi niliyekuwa nasinzia nikaketi wima. Tangu siku hiyo nilimfuata mwalimu kwa maswali hadi nadhani alichoka nami.

Lotte alizaliwa Oktoba 1911 katika mji wa Frankfurt. Babake alikuwa na bucha. Tangu utotoni alipenda sana kandanda, na timu aliyoishabikia ilikuwa FSV Frankfurt ya mjini humo. Lakini siku hizo kazi ya msichana uwanjani ilikuwa kutazama tu. Lotte hakuridhika. Aliamini kwamba wanaloliweza wanaume, wanawake nao wanaliweza, na kwake hilo halikuwa suala la mchezo tu bali la haki.

Mwaka 1930, hata miaka 19 hajatimiza, alitia tangazo gazetini akiwaita wasichana wanaotaka kucheza kandanda. Wangapi wangejitokeza? Walijitokeza zaidi ya 30! Wakaunda klabu yao na kuanza kufanya mazoezi kwenye uwanja wa nyasi mtaani Sachsenhausen. Timu nyingine ya wanawake ya kucheza nayo haikuwapo, kwa hivyo walijigawa pande mbili wakachezeana wenyewe kwa wenyewe.

Taabu zikaanza. Watu walikuja kuwatazama, lakini si wote walikuja kushangilia. Wapo waliowazomea, na wapo waliowarushia mawe. Fikiria, ndugu msomaji, unakimbilia mpira huku unakwepa jiwe! Magazeti yaliwafanyia mzaha. Lotte alipotaka klabu yao iingizwe katika Shirikisho la Kandanda la Ujerumani, alikataliwa. Nyumbani nako wazazi na jamaa waliona haya, wakawabana mabinti zao. Mmoja akaacha, kisha wa pili, kisha wa tatu. Ilipofika mwaka 1931 klabu ikavunjika. Ilikuwa imeishi kama mwaka mmoja tu. Haikushinda kombe lolote.

Nakiri kwamba nilipofika hapo nilitaka kufunga daftari. Nilitaka kusoma habari za shujaa aliyeshinda, kumbe nimeletewa aliyeshindwa. Tena habari hii ilifanana mno na yetu. Timu yetu ya wasichana ilianza na wachezaji 21. Wiki ya tatu tulikuwa 9. Wengine walikatazwa na wazazi, wengine waliogopa kuchekwa na wavulana wanaokaa kando ya uwanja. Nikamwuliza mwalimu faida ya Lotte ni nini ikiwa kazi yake ilikufa. Mwalimu akanijibu kwamba nimefunga kitabu mapema, nikasome yaliyofuata.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mwaka 1933 Wanazi walishika serikali, na kwao mahali pa mwanamke palikuwa nyumbani akilea watoto. Vita vikaja, vikapita. Wanawake wakarudi viwanjani, lakini Julai 1955 Shirikisho lilipiga marufuku kabisa. Klabu zilikatazwa kuwa na timu za wanawake, na hata kuwaazima kiwanja. Sababu iliyotolewa ni kwamba mchezo huu unamwondolea mwanamke uzuri wake na kuuumiza mwili na roho yake. Nilipoisoma sababu hiyo nilimkumbuka kukhu! Hata hivyo wanawake hawakuacha. Walicheza popote walipopata nafasi.

Marufuku hiyo ilidumu miaka 15. Iliondolewa Oktoba 1970, lakini kwa masharti: mechi iwe fupi kuliko ya wanaume, mpira uwe mdogo na mwepesi, na njumu zisivaliwe. Naam, njumu! Zile zile nilizokuwa nimeficha chini ya sare.

Kisha ukaja mwaka 1974. Kwa mara ya kwanza wanawake wa Ujerumani walishindania ubingwa wa taifa. Fainali ilichezwa mjini Mainz mwezi wa Septemba, na TuS Wörrstadt, timu ya mji mdogo wa jirani, ikaichapa DJK Eintracht Erle mabao 4 kwa 0. Kutoka kuvunjika kwa klabu ya Lotte hadi fainali hiyo ni miaka 43. Mwaka 1989 timu ya taifa ya wanawake ilitwaa ubingwa wa Ulaya, na kila mchezaji akazawadiwa seti ya vyombo vya kahawa, kana kwamba kikombe chao kilikuwa cha jikoni! Mwaka 1990 ligi kuu ya wanawake ikaanza.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike makala haya. Mwaka 1986 ubingwa wa Ujerumani ulichukuliwa na wanawake wa FSV Frankfurt, timu ile ile Lotte aliyoishabikia tangu utotoni. Wakauchukua tena mwaka 1995 na mwaka 1998. Lotte alikuwa hai. Binti wa mwenye bucha aliyerushiwa mawe aliishi hadi akaona wanawake wa mji wake ni mabingwa wa nchi. Alifariki Februari 2002 akiwa na umri wa miaka 90. Mwaka uliofuata Ujerumani ikatwaa Kombe la Dunia la wanawake, na mwaka 2007 ikalitwaa tena.

Kwa hivyo Lotte hakushindwa. Alipanda mbegu, mvua ikachelewa. Wahenga walisema mwanzo kokochi, mwisho nazi. Na sisi huku hatuko mbali. Katika kaunti hii ya Trans Nzoia, nani asiyejua jina la wasichana wa Wiyeta? Na mwaka 2024 vijana wetu wa Junior Starlets walikwenda Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17 huko Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza kabisa ya kandanda ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia. Huko wakaifunga Meksiko mabao 2 kwa 1.

Likizo ilipofika nilirudi Bungoma na kumsimulia kukhu habari hizi jioni tukipukuchua mahindi. Alisikiliza kimya hadi mwisho, hakusema lolote. Asubuhi nilipotoka nje nilizikuta njumu zangu zimeoshwa tope, zimeanikwa juani kando ya mahindi. Nami sikusema lolote. Muhula huu nimezileta shuleni mkononi.

Wenzangu mlioacha timu, nawasihi mrudi. Wavulana mnaokaa kando ya uwanja, njooni mshangilie. Walimu na wazazi mtakaosoma jarida hili, tupeni ruhusa. Tuko 9, na timu ni wachezaji 11. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Mpira upo, uwanja upo, na mawe hakuna anayerusha. Mnangoja nini?