KAPITENI JOUBERT NA WAKIMBIZI WA MPALA

Watoto wa Kipese, ninyi mnajua mkimbizi ni nani. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa upande wa Beni waliacha vijiji vyao kwa kuogopa kuuawa. Walikuja na watoto mgongoni na vitu vichache kichwani. Sasa tusome habari za mtu aliyepokea wakimbizi zamani, kando ya ziwa Tanganyika, katika nchi yetu ya Kongo.

Jina lake Léopold Joubert. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Alipokuwa kijana aliingia katika askari wa Baba Mtakatifu, na mwaka 1860 alijeruhiwa vitani. Baada ya vita alirudi kwao. Ndipo aliposikia kwamba Askofu Mkuu Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, anatafuta watu wa kuwalinda wamisionari wake katika Afrika. Joubert akajitoa. Alifika Tanganyika mara ya kwanza mwaka 1881. Mwaka 1885 alirudi Ulaya, lakini hakukaa sana. Mwaka 1887 alifika Mpala, magharibi ya ziwa, penye boma la mapadri.

Siku zile nchi ilikuwa na hofu kubwa. Wawinda watumwa walikuja alfajiri na bunduki. Walichoma nyumba, wakawafunga watu minyororo, wakawavusha ziwa kwenda kuuzwa. Waliopona walijificha milimani na maporini, bila chakula wala moto. Waliposikia kwamba Mpala kuna boma, walikuja mmoja mmoja, kisha wengi.

Joubert alifanya nini? Kwanza aliweka ulinzi. Alichagua wanaume wa palepale ziwani, akawafundisha kutumia bunduki na kukesha zamu. Peke yake asingeweza kitu. Watu wa nchi ndio waliolinda nchi.

Lakini aliona kwamba ulinzi hautoshi. Mtu aliyepoteza nyumba na shamba hawezi kukaa tu nyuma ya ukuta akingoja kulishwa. Basi wakimbizi walipewa mahali pa kujenga na mahali pa kulima. Polepole mahali pa kujificha pakawa kijiji.

Tena, watu waliotoka mahali mbalimbali hawakosi kugombana. Huyu anadai mpaka wa shamba, yule anadai mbuzi. Joubert aliketi akasikiliza mashauri yao, akaamua. Aliwatazama wagonjwa, akafundisha katekisimu.

Mwaka 1888 alimwoa Agnes, msichana wa nchi ile. Wakazaa watoto, wakakaa kati ya majirani zao. Tangu hapo watu walijua kwamba mzungu huyu si mpita njia.

Hatari haikuisha. Rumaliza, mkubwa wa wafanya biashara ya watumwa pale Ujiji, alikuwa na watu wengi na bunduki nyingi. Askari wa Joubert walikuwa wachache, na baruti ilipungua. Angeweza kuondoka. Hakuondoka, maana angeondoka yeye, wale waliomkimbilia wangekimbilia wapi? Mwaka 1891 Kapiteni Jacques akafika kutoka Ubelgiji na watu wa kumsaidia. Miaka michache baadaye vita vya wawinda watumwa vilikwisha upande ule.

Amani ilipokuja, kazi ya askari ilikwisha, lakini Joubert alibaki. Alikaa Saint-Louis ya Mrumbi, kijiji alichokijenga pamoja na watu wake, na katika uzee alihamia karibu na misioni ya Baudouinville, panapoitwa siku hizi Moba. Mwaka 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa daraja ya upadri, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Alikuwa mtoto wa milima ileile ya Marungu, ambako zamani watu walijificha. Joubert alikuwa angali hai. Alikufa tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85. Hakuwa amerudi tena Ulaya.

Watoto, wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hulisema neno hili kwa kumchoka mgeni. Lakini kwa mkimbizi jembe ni zawadi kubwa. Anayempa chakula amemsaidia leo. Anayempa jembe na kipande cha shamba amemwambia kwamba hapa ni kwake pia. Basi akija mtoto mgeni darasani mwenu, msogezee benchi, mwonyeshe njia ya mtoni, mwite kwa jina lake.

MAULIZO
1. Kwa nini watu walikimbilia Mpala?
2. Zaidi ya ulinzi, wakimbizi walipewa nini?
3. Wewe unaweza kumsaidiaje mtoto mkimbizi wa kijiji chako?