Jean de Heinzelin, msomaji wa mfupa wa Ishango

Mto wetu wa Rutshuru humwaga maji yake kusini mwa Ziwa Edward. Kaskazini mwa ziwa hilo hutoka mto Semliki, na hapo ndipo Ishango ilipo. Aliyeifanya Ishango ijulikane kwa wanahisabati wa dunia hakuwa mwanahisabati. Jean de Heinzelin de Braucourt, aliyezaliwa mwaka 1920, alikuwa mwanajiolojia wa Ubelgiji, mtafiti wa Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia mjini Brussels, na pia profesa katika Chuo Kikuu cha Ghent.

Mwaka 1950, Kongo ikiwa bado koloni, alichimba Ishango ndani ya Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Kati ya zana za mawe na ncha za chusa ulipatikana mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye kipande kidogo cha jiwe kilichopachikwa kwenye ncha moja. Una mikato 168 katika safu tatu. Heinzelin angeweza kuiita pambo akaendelea na kazi. Yeye aliihesabu kundi kwa kundi.

Safu ya kwanza ina makundi ya 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Ya pili ina 9, 11, 19 na 21: kumi na ishirini, ukiongeza au kupunguza moja. Kila moja ya safu hizo ina jumla ya 60. Katika ya tatu, 3 iko karibu na 6, 4 karibu na 8, 10 karibu na 5. Mwaka 1962, katika jarida la Scientific American, alipendekeza kwamba huenda huo ulikuwa mchezo wa hesabu.

Hapa namheshimu, lakini simfuati hadi mwisho. Kuijua namba tasa ni kujua kugawanya, na makundi manne ya mikato hayatoshi kuthibitisha ujuzi huo. Alexander Marshack aliitazama mikato hiyohiyo akaona kalenda ya mwezi. Sisi wanafunzi wa lugha tunaielewa hali hiyo. Maneno yetu sita, saba na tisa tunaweza kuyafuatilia hadi Kiarabu. Lakini lugha ya waliochonga mfupa ule haikuacha hata neno moja. Alama isiyo na msemaji humwachia msomaji nafasi kubwa mno.

Hata umri wa mfupa umebadilika: yeye aliuona mdogo zaidi, na vipimo vya baadaye vimeufikisha miaka 20,000 hivi. Miaka yake ya mwisho alifanya kazi Ethiopia, kwenye mifupa ya wanyama ya miaka milioni 2.5 yenye alama za kukatwa kwa mawe. Hizo zilikuwa alama za kuchuna nyama, si za kuhesabu. Alifariki mwaka 1998, na makala kuhusu utafiti huo ilitoka mwaka uliofuata jina lake likiwa la kwanza.

Mfupa wa Ishango uko Brussels. Mwanafunzi wa Rutshuru anayetaka kuihesabu mikato kwa macho yake huhitaji viza kwanza. Bila viza hiyo, hata anayempinga Heinzelin analazimika kutumia hesabu iliyoandikwa na wengine, naye Heinzelin ndiye wa kwanza. Naona ni haki kusifu uangalifu wake, na ni haki vilevile kudai mfupa ufike mahali tunapoweza kuusoma wenyewe.