MWENDA JEAN BOSCO NA VIDOLE VIWILI

Tukisema gita wengi wanafikiri Kinshasa tu. Kumbe kuna Mwenda Jean Bosco, aliyeimba kwa Kiswahili cha Katanga. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, kwa Bayeke, watu ambao wazee wao walitoka Unyamwezi, ng'ambo ya ziwa letu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Jadotville (leo Likasi) akamrekodi. Hapo ndipo ulitoka wimbo wa Masanga.

Sasa sikieni maajabu. Mkono wa kuume Bosco alitumia vidole viwili tu, gumba na kile cha kuonyeshea! Gumba linatembea kwa nyuzi nene, kidole kinaimba juu, na asiyemwona anaapa kwamba ni magita mawili. Ninyi wa gita katika kwaya, jaribuni, mtaona.

Yeye na ndugu yake Edouard Masengo walisikika mpaka Nairobi, vijana wa kule wakawaiga. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alikuja Shaba kujifunza kwake, akaandika kitabu. Mimi hiyo inaniuma kidogo: wageni wanavuka bahari kutafuta vidole vile, na sisi tunaoelewa maneno ya nyimbo hatuvitafuti.

Mwaka 1988 alirekodi tena, huko Cape Town. Miaka miwili baadaye alikufa kwa ajali ya gari Zambia.