Delamere: Lodi Aliyeshindwa na Majani ya Njoro

Barabara kuu ya Nairobi iitwayo leo Kenyatta Avenue zamani ikiitwa Delamere Avenue, na sanamu ya mwenye jina ilikuwa imesimama papo hapo, imekaa kitako ikiutazama mji. Uhuru ulipokuja jina likafutwa na sanamu ikaondoshwa. Vijana wengi leo hawamjui bwana huyo ila kwa maziwa na mtindi wa mashamba ya ukoo wake. Sisi tutamtazama kwa upande ambao hausimuliwi sana, nao ni upande wa hesabu. Hesabu yenyewe ni ya kemia, lakini msomaji asiogope.

Hugh Cholmondeley, Lodi Delamere wa tatu, alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Baba yake alikufa mwaka 1887, kijana akarithi cheo na mashamba akiwa na miaka kumi na saba tu. Kusoma hakumpendeza, alipenda kuwinda. Tangu 1891 alikuwa akienda bara la Wasomali kuwinda simba, na simba mmoja akamjeruhi mguu akabaki kuchechemea umri wake wote. Yasimuliwa kuwa aliyemwokoa siku hiyo ni Msomali aliyekuwa akimchukulia bunduki. Mwisho wa 1896 akatoka Berbera na msafara wa ngamia, akateremka kusini jangwani, na mwaka 1897 akatokea nchi ya juu karibu na Baringo na Laikipia. Aliyeiacha mbuga kavu akaona majani mabichi na mito ya baridi, hakusahau tena.

Alirudi kuja kukaa. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa Njoro, chini ya msitu wa Mau, si mbali na Nakuru, eka 100,000 kwa mkataba wa miaka 99. Nchi hiyo haikuwa ya serikali kuitoa. Mwaka uliofuata, 1904, Wamaasai walitiwa katika mapatano ya kuhama Bonde la Ufa kwenda Laikipia, na baada ya 1911 wakahamishwa tena kupelekwa kusini. Delamere alijitapa kuwa rafiki wa Wamaasai, akawaajiri wamchungie na akajifunza lugha yao. Urafiki huo tuuache kama ulivyo.

Njoro kwa macho ni pepo ya mfugaji: majani hadi magotini, mvua, hewa ya baridi. Lakini Wamaasai, watu wasio na mwalimu wa ng'ombe isipokuwa ng'ombe wenyewe, walikuwa wakiyaepuka malisho yale. Yeye aliona bahati kwamba nchi nzuri vile haina mifugo. Akaweka rehani mali ya wazee wake Uingereza, akaagiza kondoo wa New Zealand na ng'ombe wa kizungu, wakashushwa Mombasa na kupakiwa gari la moshi hadi bara. Mara wakaanza kukonda. Mnyama amesimama katika majani tele naye hali, akila hanenepi, macho yanapauka, manyoya yananyonyoka, mwisho anaanguka. Kondoo walikufa kwa wingi, na ng'ombe nao wakapatwa na homa ya mapafu juu ya hayo.

Akageukia ngano, ngano ikaliwa na kutu. Hapo walau alifanya la maana: aliajiri mtaalamu wa mimea na kujenga maabara Njoro kutafuta mbegu inayostahimili, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Kondoo waliobaki aliwahamishia Soysambu, ukingoni mwa ziwa Elmenteita. Ni mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu ya mifugo, na hapo kondoo wale wale wakastawi, sufi ikauzwa. Jua lile lile, mchungaji yule yule. Kilichobadilika ni udongo.

Ugonjwa ule Wazungu waliupa jina la mji, wakauita Nakuruitis. Wataalamu wa miaka ya 1920 walidhani ni upungufu wa chuma, kwa kuwa mnyama alikuwa akipungukiwa damu, na damu yataka chuma. Wakawapa mifugo dawa za chuma, na wengine walipona kweli. Delamere alikufa Novemba 1931, akiwa kiongozi wa masetla, mwenye madeni mazito benki, na jibu alilokuwa nalo ni hilo la chuma.

Jibu la haki lilitoka mbali. Huko Australia ya Magharibi wanyama walikuwa wakikonda vivyo hivyo, na wataalamu wawili, Filmer na Underwood, nao walianza kwa chuma. Lakini walifanya jambo ambalo muuza duka yeyote wa Mombasa angelifanya: walipima walichotoa na walichopata. Kutu safi ya chuma ina atomu mbili za chuma na tatu za oksijeni. Uzani wa atomu ya chuma ni 56 na wa oksijeni ni 16. Chuma ni 112, oksijeni 48, jumla 160. Basi gramu 160 za kutu zina gramu 112 za chuma, yaani 70 katika 100. Kila dawa ya chuma yaweza kuhesabiwa hivyo kwa fomula yake. Kama chuma ndicho kinachoponya, dawa mbili zenye chuma sawa zingeponya sawa. Hazikuponya sawa. Wakachukua udongo wa chuma, wakautoa chuma chake karibu chote, wakampa mnyama maji yaliyobaki, akapona! Mwaka 1935 ikajulikana kuwa mponyaji ni kobalti, madini yaliyokuwa yamejificha ndani ya chuma kama taka. Delamere alikuwa kaburini miaka minne.

Kobalti kidogo vile yafanya nini? Tumboni mwa ng'ombe na kondoo vimo vijidudu visivyoonekana vinavyotengeneza vitamini iitwayo B12, na bila hiyo damu haifanyiki na chakula hakimfai mnyama. Vitamini hiyo ilitengwa mwaka 1948, na bibi mmoja Mwingereza, Dorothy Hodgkin, akaufumbua umbo lake kufikia 1956. Kila molekuli ina atomu 63 za kaboni, 88 za haidrojeni, 14 za naitrojeni, 14 za oksijeni, 1 ya fosforasi, na 1 ya kobalti. Jumla 181. Sisi tunaotunga tunajua mizani: mstari wa kumi na sita ukipungua moja, huo si mstari, hata yale kumi na tano yakiwa matamu namna gani.

Tupige hesabu yake. Kaboni ni 756, haidrojeni 88, naitrojeni 196, oksijeni 224, fosforasi 31, kobalti 59, jumla 1,354. Katika gramu 100 za vitamini kobalti ni kama gramu 4.4 tu. Geuza upande wa pili: miligramu 1 ya kobalti haiwezi kutoa zaidi ya miligramu 23 za vitamini, na kwa kweli vijidudu hutoa pungufu sana ya hapo. Kaboni na haidrojeni zimejaa majanini, zingetosha kwa mara elfu na elfu. Fundi wa Lamu mwenye mbao za majahazi kumi na milingoti mmoja tu atashusha baharini jahazi moja, na mbao zilizobaki zitaliwa na mchwa. Njoro ilikuwa na mbao.

Udongo wa pande zile ni majivu ya milima ya moto, kama Menengai iliyo juu ya mji wa Nakuru, na majivu ya namna hiyo aghalabu yana kobalti haba. La kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kuwa New Zealand alikoagizia kondoo nako kuna majivu kama hayo, na mifugo ilikuwa ikifa kwa ugonjwa uo huo chini ya jina jingine.

Malisho mazuri huwa na kobalti kama sehemu moja katika milioni kumi. Ng'ombe anayekula kilo kumi za majani makavu kwa siku ahitaji basi miligramu 1. Chumvi ya kobalti inayotiwa katika chumvi za kulamba mifugo ni salfeti yenye maji saba: kobalti 59, salfa 32, oksijeni nne 64, maji 126, jumla 281. Kobalti ni 21 katika 100. Kilo moja ya chumvi hiyo ina gramu 210, nazo ni miligramu 210,000. Ukigawa kwa siku 365 wapata ng'ombe 575 kwa mwaka mzima.

Kilo moja, msomaji, mzigo wa kubebwa na mtoto mkononi. Delamere alizikwa Soysambu, kwenye malisho yaliyomponyea kondoo, na sanamu yake nayo ilipelekwa huko huko.