Philip Ndegwa: Mchumi wa Mlima Kenya aliyejua kuisoma faida

Ukipanda matatu Embu kwenda Nairobi, hutakawia kuingia Kirinyaga. Leo ni kaunti inayojitegemea, ila kabla ya 1963 sehemu za Ndia na Gichugu zilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Mwana wa Kirinyaga huyo ndiye Philip Ndegwa. Usimchanganye na Duncan Ndegwa: Duncan alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa gavana wa Benki Kuu ya Kenya, naye Philip akampokea kijiti mwaka wa 1982.

Alisoma Alliance, Makerere, kisha Harvard. Mwaka wa 1965 alichapisha kitabu kuhusu soko la pamoja la Afrika Mashariki. Serikalini alipanda hadi kuwa katibu wa Wizara ya Fedha.

Nje ya serikali, yeye na wenzake walianzisha First Chartered Securities, kampuni ambayo kazi yake ni kumiliki hisa za kampuni nyingine, zikiwemo za bima. Moja ikiyumba, nyingine inaishikilia.

Mwaka wa 1982 aliongoza kamati iliyochunguza matumizi ya serikali. Kamati hiyo ilisema wazi kwamba serikali ilikuwa imemwaga pesa nyingi kwenye mashirika yasiyorudisha chochote cha maana.

Basi 1991 akakabidhiwa mojawapo ya mashirika hayo: Kenya Airways, iliyokuwa imezama kwenye hasara na madeni.

Hapo ndipo unahitaji kuelewa faida ya uendeshaji. Tuseme una kisiagi Runyenjes. Kwa mwezi unaingiza Sh100,000. Umeme, mshahara na ukarabati vinakula Sh80,000. Sh20,000 zinazobaki ndizo faida ya uendeshaji, asilimia 20 ya mauzo. Kisiagi chenyewe kiko sawa. Lakini riba ya mkopo ikiwa Sh25,000, unamaliza mwezi na hasara ya Sh5,000. Ugonjwa haupo kwenye mashine, upo kwenye deni.

Kwenye ndege, mambo yote mawili yalihitaji dawa: kazi ya kila siku na mzigo wa madeni. Chini ya Ndegwa shirika likapangwa upya, na kufikia 1994 likaanza kuripoti faida. Mapema 1996 KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26. Ndegwa akafariki mwanzoni mwa mwaka huo huo, kabla hisa hazijauzwa kwa umma kwa Sh11.25 kila moja. Wakenya zaidi ya 100,000 walinunua.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 2023 Kenya Airways ilipata faida ya uendeshaji ya zaidi ya Sh10 bilioni, lakini mwisho wa hesabu ikaandika hasara ya zaidi ya Sh22 bilioni, kwa sababu ya gharama za mikopo na kudorora kwa shilingi. Ni kile kisiagi chako, ila chenye mabawa.

Kwa hivyo wewe na chama chenu pale Makutano, Meru, mkiambiwa kampuni fulani "inafanya vizuri", msikimbilie M-Pesa. Ulizeni mambo mawili: kazi yenyewe inaleta faida? Na deni linabakisha nini? Aliyeshindwa kujibu hajawa tayari kushika pesa zenu.